Ramani za Kale kama Maandishi ya Imla: Uhakiki wa Nakala Zinazohusu Ukambani

Ramani za kale za Afrika ya Mashariki zimekuwa bidhaa. Nakala zake huchapwa upya, hupakwa rangi ambazo mara nyingine hazikuwamo katika asili, hutiwa fremu, kisha hutundikwa katika ofisi, hoteli na sebule. Hupamba majalada ya vitabu na kurasa za kalenda, na siku hizi zinapatikana kwa wingi katika intaneti. Wanahistoria na wanajiografia wamezishughulikia sana. Sisi wa idara za lugha tumezipita tu, kana kwamba chenye mistari na rangi hakituhusu, ijapokuwa ramani hizo zimejaa maneno, na maneno hayo ni ya lugha tunazozisomesha.

Makala haya yanashikilia kwamba ramani nyingi za katikati ya karne ya 19 zinazoonyesha bara la Kenya zilikuwa imla kabla ya kuwa picha. Mtu mmoja alisema, mwingine akasikia na kuandika, na mchoraji akayapanga yaliyoandikwa juu ya karatasi. Ikiwa ndivyo, basi nakala iliyohifadhi mistari na kupoteza maneno haikuihifadhi ramani. Tutachukua mfano wa Kitui na Makueni, sehemu mbili za Ukambani ambazo mtazamaji wa kawaida hudhani kwamba hazimo katika ramani za kale.

Sura za miji na weupe wa bara

Yafaa kuanza pwani, kwa sababu nakala zinazopendwa zaidi ni za huko. Mwaka 1572, mjini Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, mkusanyo wa sura za miji ya dunia. Katika karatasi moja waliweka miji minne: Aden iko juu, nayo imechukua nafasi kubwa, na chini yake zimepangwa Mombasa, Kilwa na Sofala. Tunakutana na nakala ambazo Mombasa imekatwa ikawekwa peke yake, na kwa mkato huo mtazamaji hawezi tena kujua kwamba mji huo ulitiwa katika kundi moja na bandari nyingine za Bahari ya Hindi, chini ya Aden. Ngome ya Yesu haimo, maana ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Asiyeambiwa mwaka wa mchoro huitafuta bure. Maelezo yaliyochapwa nyuma ya karatasi, kwa Kilatini katika toleo la kwanza, hayaonekani kabisa. Nakala ya ukutani haina nyuma.

Ukambani haukuchorewa sura ya namna hiyo. Hapakuwa na mji wa mawe uliotazamana na bahari, wala nahodha wa Kireno hakutia nanga chini ya vilima vya Mumoni. Kwa hiyo anayezitazama nakala hizi kwa mfululizo, kutoka karne ya 16 mpaka ya 18, huondoka na wazo kwamba pwani ilikuwa na historia na bara lilikuwa pori tupu. Wazo hilo linatiwa nguvu na ramani ya d'Anville ya mwaka 1749, ambayo husifiwa, na kwa haki, kwa kuwa iliondoa mambo mengi ya kubuni na kuacha mahali patupu pale mchoraji alipokosa ushahidi. Weupe huo ulikuwa ni kukiri kwake kwamba hajui. Nakala inayotundikwa leo bila maelezo imeugeuza kuwa sifa ya nchi yenyewe.

Mkono ulioandika Kitui

Karne moja baadaye weupe huo ulianza kujazwa, na ulijazwa kwa masikio. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo cha misheni huko Rabai. Mwezi Novemba 1849 Krapf alitoka Rabai kwenda Ukambani. Alipita Taita, akapita Kikumbulyu, ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni, akavuka mto Athi na uwanda wa Yatta, mpaka akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe aliyekuwa akiongoza misafara hadi pwani. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona mlima ambao jina lake lilikuja kuwa jina la nchi. Alirudi mwaka 1851, na katika safari hiyo Kivoi aliuawa walipokuwa wakielekea mto Tana. Krapf mwenyewe aliponea chupuchupu.

Ikiwa twataka mandhari ya kihistoria kutoka Kitui, basi ndiyo hayo, ila tu yalihifadhiwa kwa maneno. Na aliyeyaandika hakuwa msafiri wa kupita. Mwaka 1850, huko Tübingen, alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwamo, pamoja na sarufi ya Kiswahili. Alitafsiri pia Injili ya Marko kwa Kikamba. Ni nadra kumpata mtu ambaye majina aliyoyapeleka kwenye ramani twaweza kuyalinganisha na msamiati alioukusanya mwenyewe, kwa lugha ileile na katika miaka ileile. Bahati hii hatujaitumia ipasavyo.

Tuutazame mfano mkubwa kuliko yote. Mlima aliouona Krapf aliuandika Kenia, na mahali pengine Kegnia. Mtazamaji wa leo hudhani hayo ni makosa ya mgeni asiyejua kuandika Kenya, na ramani zinazochorwa upya kwa ajili ya vitabu vya shule mara nyingi humsahihisha. Lakini gn ni njia inayojulikana Ulaya ya kuandika sauti yetu ya ny, na irabu ya silabi ya kwanza ina ushahidi wake. Kikamba kina irabu saba. Ile inayoandikwa ĩ hukaa baina ya i na e za Kiswahili, na sikio la Mjerumani au la Mswahili huipokea mara huku, mara kule. Jina la mlima kwa Kikamba ni Kĩĩnyaa. Wakikuyu husema Kĩrĩnyaga. Tofauti ya majina haya mawili si ya bahati nasibu: katika maneno mengi, mahali ambapo Kikuyu kina r au g, Kikamba hakina konsonanti. Kĩrĩma, yaani mlima, kwa Kikamba ni kĩĩma. Nderi, yaani tai mla mizoga, ni ndei. Mbogo wa Kikuyu na wa Kiswahili ni mboo.

Basi tahajia ya Kegnia, isiyo na r wala ile g ya mwisho, inatuambia jina lilitoka katika kinywa gani. Lilisikiwa kwa Wakamba. Rai hii si yetu peke yetu, na wengi wameikubali. Tunalolitilia mkazo ni kwamba ushahidi wake umo katika herufi chache zilizochapwa kwa wino mdogo. Nakala inayopunguza karatasi mpaka herufi hizo zisisomeke, au inayoandika Kenya badala yake, imeondoa hati ya ubatizo wa nchi nzima na kutuachia picha ya kilele.

Ziko dalili nyingine za mazungumzo. Ramani hizo huandika Wakamba, hali wao wenyewe hujiita Akamba. Kiambishi cha Kiswahili kinaonyesha kwamba habari nyingi zilipita kwa viongozi wa misafara na watu wa pwani kabla ya kufika kwenye kalamu. Halafu kuna kiishio -ni, ambacho lugha zote mbili zinacho: Ukambani, Mbooni, Nzambani. Mbooni ni penye mbogo. Mtu hataji jina lenye -ni kama anayesoma orodha. Hulitaja anapojibu swali la wapi. Mchoraji alilichukua jibu zima, kiishio na vyote, akalichapa kama jina, na mpaka leo karatasi imeuhifadhi mkao wa mazungumzo hayo: mmoja akiuliza, mwingine akinyoosha mkono.

Kima

Neno kĩĩma lastahili kukaliwa kidogo zaidi, kwa kuwa linaonyesha hasara inayopatikana pale jina linapoachwa bila lugha yake.

Krapf anatueleza kwamba Wakamba waliuita Kilimanjaro Kima ja Jeu, naye akalifasiri kuwa mlima wa weupe. Tukiondoa tahajia yake ya Kijerumani, ambamo j inasimama mahali pa ky, tunapata kĩĩma pamoja na kivumishi cha Kikamba chenye maana ya eupe, kyeũ. Zingatia wakati wa habari hii. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na huko London William Desborough Cooley akaikanusha. Katika kitabu chake cha mwaka 1852, Inner Africa Laid Open, aliendelea kuwabishia wamisionari. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa na wasimulizi wake, miongoni mwao Khamis bin Uthman, Mswahili aliyefika Uingereza, na alipenda kujenga hoja juu ya maana za majina. Lakini Kima ja Jeu lilikuwa jina ambalo wasafiri wa Ukambani walikuwa wakilitumia bila kujua kwamba kuna ubishi wowote. Safari za von der Decken za miaka ya 1861 na 1862 ndizo zilizomaliza shaka juu ya Kilimanjaro. Mlima Kenya ulimngoja Joseph Thomson mwaka 1883.

Sasa twende kwenye reli. Katika Kaunti ya Makueni kuna stesheni iitwayo Kima. Hapo ndipo, usiku mmoja wa Juni 1900, simba alimtoa Charles Ryall ndani ya behewa na kumuua; behewa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi. Vitabu vya watalii hupenda kusimulia kwamba stesheni iliitwa Kima kwa sababu ya nyama iliyosagwa. Ni mzaha mbaya, na tena si kweli. Ryall aliifuata stesheni hiyo ili kumvizia simba, kwa hiyo jina lilikuwapo kabla ya msiba. Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1907 juu ya simba wa Tsavo, aliliandika Kimaa. Amesikia urefu wa irabu ila ameuweka mwishoni badala ya mwanzoni. Kiswahili kina kima ya nyama, kima mnyama wa mtini, na kima yenye maana ya thamani. Hakuna hata moja inayohusika hapa. Mahali penyewe panaitwa Kiima Kiu, yaani kĩĩma kĩũ, mlima mweusi.

Kwa hiyo neno moja limetoa mlima mweupe upande wa kusini na mlima mweusi Makueni. Neno hilohilo, kwa kurudishiwa konsonanti yake, ni kilima cha Kiswahili, ambacho kwetu kimepungua kikawa mlima mdogo, jambo lililowasumbua waliojaribu kufasiri Kilimanjaro. Ramani ya reli inayonakiliwa na kuuzwa kama kumbukumbu ya zama za treni za mvuke haina nafasi ya haya yote, wala haidaiwi. Inadaiwa tu isisimame peke yake. Mtito Andei ni vivyo hivyo: mũtĩtũ wa ndei, msitu wa tai, umekatwa mahali pasipo pake, na kiunganishi kimegawanywa kama kuku wa mnada.

Koa na ziwa

Ramani inayochekwa kuliko zote ni ile ya Erhardt na Rebmann, iliyochapishwa Ujerumani na Uingereza katika miaka ya 1855 na 1856. Ndani yake kuna ziwa moja kubwa mno, Uniamesi, lililojipinda katikati ya nchi, na Waingereza walilifananisha na koa. Nakala zake hutolewa kila mara inapotakiwa kuonyeshwa jinsi watu wa zamani walivyokosea. Kwa kawaida huonyeshwa koa; anwani ya ramani huachwa.

Lakini anwani hiyo ni ndefu, na ni sehemu ya maana kuliko ziwa. Inasema kwamba hiyo ni rasimu, kwamba mahali pa ziwa ni pa kukadiriwa, na kwamba kazi yote imefuata habari zilizotolewa na watu wa makabila ya bara na wafanyabiashara Waislamu. Ni ramani chache za karne hiyo zinazotangaza wasimulizi wake waziwazi kiasi hicho. Kuikata anwani ni kumnyang'anya msimulizi kazi yake na kumwachia mmisionari kosa.

Kosa lenyewe nalo lina upande wa kiisimu. Wasafiri wa njia mbalimbali, kutoka bandari mbalimbali, walisema kwamba mwisho wa safari walifika kwenye maji. Kiswahili hakina kibainishi kinacholazimisha msemaji aseme kama ziwa analolitaja ni lile lile la mwenzake au ni jingine. Tulifika ziwani: msemaji amesema kweli, na wenzake wawili waliofika katika maziwa mengine wamesema kweli kwa maneno hayohayo. Sikio lililozoea Kijerumani na Kiingereza huongeza kibainishi lenyewe, na kwa nyongeza hiyo maziwa matatu huwa moja. Hii ni dhana yetu, na inahitaji kupimwa kwa maandishi ya wamisionari wenyewe. Hata hivyo inaeleza vizuri zaidi kuliko ile desturi ya kusema kwamba wenyeji walitia chumvi. Yafaa kukumbuka kwamba ni ramani hiyo, pamoja na kosa lake, iliyochochea safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857.

Mwaka 1870 Thomas Wakefield alichapisha maelezo ya njia za misafara aliyoyapata hasa kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa Udigo karibu na Gazi. Hapa jina la msimulizi limetajwa, na vituo vya safari vimepangwa kimoja baada ya kingine kama alivyovitaja. Ni masimulizi kamili. Yametufikia kwa Kiingereza, na Kiswahili chake tunakiona katika majina tu. Idara inayokusanya fasihi simulizi ingefaa kumhesabu Sadi miongoni mwa wasimulizi wa karne ya 19.

Pingamizi moja

Wapo wenzetu wanaosema kwamba ramani zote za wageni zilikuwa vyombo vya ukoloni, na kwamba kuzisoma kwa heshima ni kuendeleza utumwa wa fikra. Kwa ramani za mwisho wa karne hatuwezi kuwapinga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari uliotoka pwani, kwenye mto Umba, ukakwepa Kilimanjaro mpaka Ziwa Viktoria, na aliyeuchora hakuwa na haja ya kumwuliza mtu jina la mahali. Reli ilipokuja, majina mengine yaliletwa na reli: Sultan Hamud ina jina la Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902, wala halikutoka kwa wenyeji wa hapo. Ila kuzitia ramani za 1856 na za 1886 katika kapu moja ni kuwafuta Wakamba na Waswahili mara ya pili. Za kwanza zilitegemea wao waseme. Usawa haukuwapo, na faida ya mwisho ilikwenda kwingine. Lakini sauti yao imo, na kazi ya mwanaisimu ni kuitafuta.

Tena pingamizi hili linasahau jambo la karibu. Mwanafunzi anayetafuta Makueni katika nakala ya ramani ya karne ya 19 hataipata, naye huambiwa kwamba kwao hapakujulikana. Jina hilo limepata ukubwa wake juzi tu: mpango wa makazi wa miaka ya 1940, wilaya iliyomegwa kutoka Machakos mwaka 1992, kisha kaunti mwaka 2013. Nchi yenyewe imo katika maandishi ya Krapf kwa jina la Kikumbulyu, ambako alipita kabla hajaiona Kitui. Akipewa picha bila maandishi atakosa kuijua.

Kwa ajili hiyo tunadai kwamba nakala yoyote inayotumiwa katika kufundisha lugha itolewe na anwani yake nzima, pambizo zake, mwaka wa toleo, na kurasa za kitabu ambamo ilikuwamo. Desturi ya kuchana vitabu vya safari ili ramani ziuzwe moja moja imewanufaisha wafanyabiashara tu. Kitabu cha Krapf cha mwaka 1860 kilipigwa chapa tena London mwaka 1968, kwa hiyo hakuna sababu ya kukikosa katika maktaba ya chuo. Majina yaandikwe kwanza kama yalivyo, Kegnia ibaki Kegnia, kisha kando yake tahajia ya Kikamba yenye irabu saba, pamoja na urefu na toni, mambo ambayo Krapf hakuwa na alama zake.

Pa kuanzia papo. Kati ya 1881 na 1883 E. G. Ravenstein alitengeneza ramani ya Afrika ya Mashariki ya Ikweta katika karatasi 25, kwa kipimo cha 1:1,000,000, akikusanya karibu kila kilichokuwa kimeandikwa na wasafiri na wamisionari mpaka siku hizo. Karatasi za Ukambani zinaweza kusomwa jina kwa jina na wanafunzi wanaotoka Mwingi, Mutomo, Mbooni na Kibwezi, ambao tunao madarasani. Kila jina liulizwe kwanza linatamkwaje kwao, ndipo liulizwe lina maana gani, kwa maana tukianza na maana tutaletewa tena hadithi ya nyama ya kusaga.